Club Nintendo na mipango iliyoifuata: pointi za gemu zipi zinastahili muda wako?

Katika mipango yote ya pointi ambayo kampuni za gemu zimewahi kuwapa wateja wao, ule unaotajwa kwa hamu kuliko yote ulifungwa mwaka 2015. Ulikuwa Club Nintendo. My Nintendo, mrithi wake, umeshanyofolewa nusu. PlayStation Stars ya Sony iligawa pointi kwa muda usiofika hata miaka mitatu. Wa Microsoft ungali hai, ila hubadilishwa sura mara kwa mara. Steam na Epic, maduka ya gemu za kompyuta, nayo yana mipango yake. Anayetaka kununua mashine au kufungua akaunti leo anakuta lundo la sarafu, nyota, pointi na ngazi, na hajui ashike lipi.

Wengi hulinganisha mipango hii kwa asilimia: huyu anarudisha tano, yule mbili. Asilimia ina kazi yake na nitaifikia, lakini mimi naanza na swali jingine: siku mpango ukifungwa, utabaki na nini? Mipango hii hufungwa, na orodha ya waliotangulia inaonyesha hivyo. Tofauti yao kubwa iko kwenye walichokuwa wamekupa kabla ya kufunga mlango.

Club Nintendo: bahili wa hesabu, tajiri wa vitu

Japani ilianza mwaka 2003. Ulaya walikuwa na toleo lao la kukusanya nyota badala ya sarafu. Australia iliingia Aprili 2008, na Amerika Kaskazini Oktoba mwaka huohuo.

Ukinunua gemu mpya au mashine, ndani ya kasha ulikuta kikaratasi chenye namba. Uliiingiza kwenye akaunti yako, ukajibu dodoso kuhusu umri, nani anacheza nyumbani, gemu umeipendaje, kisha sarafu zikaingia. Kwa hiyo malipo yako yalikuwa mawili: fedha ya gemu, na maelezo ambayo kampuni ingelazimika kuyatafuta kwa gharama. Namba ilitumika mara moja tu. Aliyenunua CD iliyokwishatumika alikuta kikaratasi kimeshakamuliwa na mwenye mali wa kwanza, na sidhani kama hilo lilitokea kwa bahati mbaya.

Gemu ya Wii, mashine ya Nintendo ya wakati huo, ilileta takriban sarafu 50. Sasa tazama bei ya zawadi. Nakala ya Ball, ile Game & Watch (kigemu cha mkononi cha Nintendo) ya kwanza kabisa ya mwaka 1980, ilikuwa sarafu 1,200 kwa wanachama wa Amerika Kaskazini. Gawanya: gemu 24. Gemu ya Wii iliuzwa dola 50, kwa hiyo mtu angeweza kutumia dola 1,200 ili apate kidude cha kurusha na kudaka mipira kwenye kioo cha rangi moja. Ukiipima kwa asilimia, Club Nintendo ilikuwa bahili.

Mbona basi watu wanaikumbuka? Kwa sababu vitu vyake havikuwa vya kununuliwa. Mwanachama wa Japani aliweza kupata pedi ya Wii yenye umbo la ile ya Super Famicom, mashine ya zamani ya Nintendo. Kulikuwa na karata za Kijapani za hanafuda zenye picha za Mario, na Nintendo yenyewe ilianza Kyoto mwaka 1889 kwa kutengeneza karata hizohizo. Kulikuwa na mabango, vikasha vya kutunzia kadi za gemu, muziki kwenye CD. Juu ya hayo, aliyefikisha sarafu 300 kati ya Julai na Juni alipewa daraja la Dhahabu, na aliyefikisha 600 Platinamu. Hapo zawadi ya mwaka ilikuja bila kukatwa hata sarafu moja. Mwaka 2009 watu wa Platinamu waliweza kuchukua Doc Louis's Punch-Out!!, gemu fupi ya Wii ambayo haikuuzwa popote.

Tarehe 20 Januari 2015 Nintendo ilitangaza kwamba inafunga. Amerika Kaskazini usajili wa bidhaa ulikoma 31 Machi, na sarafu zikaacha kutumika 30 Juni. Ulaya na Japani walimalizia 30 Septemba. Katika miezi ile ya mwisho kampuni ilimwaga orodha ndefu ya zawadi, nyingi zikiwa gemu za kupakua. Vitu vya kushika mkononi viliisha haraka, na waliochelewa wakabaki kuchagua kwenye orodha ya mafaili.

Lile swali langu linapata jibu hapo, ndani ya mpango uleule. Duka la mtandaoni la Wii lilifungwa Januari 2019. La Wii U na 3DS likaacha kuuza Machi 2023. Aliyemalizia sarafu zake kwa gemu za kupakua anategemea mashine ya zamani isiharibike na seva za kampuni ziendelee kumfungulia. Aliyechukua karata za hanafuda anazicheza mpaka leo, hata umeme ukikatika.

My Nintendo: hesabu nzuri, kisha nusu ikaondolewa

Mrithi alifika Machi 2016, akiwa ameshikana mkono na Miitomo, programu ya simu ambayo nayo ilizimwa Mei 2018. Badala ya sarafu za aina moja, sasa kulikuwa na pointi za aina mbili. Za Platinamu zilipatikana kwa vishughuli vidogo: kuunganisha akaunti, kuingia kila wiki, kucheza gemu za simu. Za Dhahabu zilipatikana kwa kutoa fedha.

Enzi ya Switch, mashine ya Nintendo iliyofuata, hizi za Dhahabu zilikuwa rahisi kuelewa. Ukinunua gemu ya kupakua unarudishiwa asilimia 5. Ukinunua ya kadi dukani, asilimia 1. Pointi moja ni senti moja ya Marekani, na kuanzia mwaka 2018 zililipia gemu moja kwa moja kwenye eShop, duka la mtandaoni la Nintendo. Hakuna dodoso wala kikaratasi. Kwa gemu ya dola 60 unapata dola 3 za kupunguza bei ya gemu nyingine. Ukilinganisha na zile gemu 24 za kupata Ball, huku ndiko kulikokuwa na faida ya kweli ya mfukoni.

Mwishoni mwa Machi 2025 pointi za Dhahabu zikaacha kutolewa. Zilizokuwepo zilibaki na umri wao wa kawaida wa miezi 12, kisha zikaanza kufa moja baada ya nyingine. Miezi michache baadaye, Juni 2025, Switch 2 ikaingia sokoni na Mario Kart World ya dola 79.99. Asilimia 5 ya bei hiyo ingekuwa dola 4. Bei ilipanda na marejesho yakafutwa katika msimu mmoja. Kila mtu aunganishe mwenyewe.

Zilizobaki ni Platinamu. Umri wake ni miezi sita, na zinanunua picha za kupamba wasifu, mandhari za kioo, na mara kwa mara vitu halisi kama vile bango, kishikio cha funguo au kipochi. Kitu chenyewe hulipii, usafirishaji unalipia. Kwa mtu anayeishi Marekani au Uingereza, na ambaye ataiwasha Switch yake hata kama pointi zisingekuwepo, hakuna hasara. Kwa anayeishi mahali ambapo duka hilo halisafirishi mizigo, pointi hizi ni za picha ya wasifu tu.

Nikiwaweka mama na mtoto huyu pamoja: Club Nintendo ilikuwa bora kwa mtu anayependa vitu, My Nintendo ya 2018 hadi 2025 ilikuwa bora kwa mtu anayehesabu shilingi, na My Nintendo ya sasa ni nyongeza ndogo ambayo haifai kuwa sababu ya kununua chochote.

PlayStation Stars: kabati la vioo lisilo na kioo

Sony ilizindua mpango wake mwishoni mwa Septemba 2022 Japani na sehemu nyingine za Asia, ukafika Amerika na Ulaya mwezi uliofuata. Kujiunga kulikuwa bure. Kulikuwa na ngazi nne, na kupanda kulitaka mambo mawili: kununua gemu kamili kwenye duka la PlayStation, na kupata vikombe adimu ndani ya gemu. Hilo la vikombe lilinivutia kidogo, maana angalau lilimtambua mchezaji kwa kucheza kwake. Ila faida iliyozungumziwa zaidi ya ngazi ya juu ilikuwa kutangulizwa kwenye foleni ya huduma kwa wateja. Ukijua kwamba kuna foleni ndefu kiasi cha kuifanya njia ya mkato kuwa zawadi, unaanza kuwaonea huruma wa ngazi ya kwanza.

Zawadi zilikuwa za makundi mawili. La kwanza, pointi za kubadilisha kuwa salio: 1,250 kwa dola 5, au 5,000 kwa dola 20. Waliopata pointi moja kwa moja kwa kila wanachonunua walikuwa wanaolipia PlayStation Plus, kwa hiyo mlango halisi wa mpango ulikuwa usajili mwingine wa kulipia. La pili, vitu vya kidijitali vya kukusanya: sanamu ndogo za pande tatu za mashine za zamani na wahusika, za kupangwa kwenye kabati ndani ya programu ya simu. Sony ilisisitiza tangu mwanzo kwamba hizi si NFT, yaani hati za kidijitali za umiliki zinazoweza kuuzwa. Maana yake huwezi kuuza, huwezi kumpa rafiki, huwezi kuzihamisha. Unazitazama.

Tarehe 21 Mei 2025 ilitangazwa kwamba mpango katika sura yake hiyo unafikia mwisho. Wanachama wapya wakafungiwa mlango, na pointi zikaacha kupatikana 23 Julai 2025. Ziliachiwa muda mrefu wa kutumika, hadi 2 Novemba 2026, na hapo lazima niwasifu: zaidi ya mwaka ni adabu nzuri ukilinganisha na miezi michache ya Club Nintendo. Lakini aliyekuwa amekusanya pointi 1,100 siku ya kufungwa hakuwa tena na njia ya kufikia 1,250. Kiwango cha chini cha kubadilisha ndicho huamua nani anafungiwa nje mpango unapokufa, na watu wachache hukitazama wanapojiunga.

Microsoft Rewards na Xbox: kibarua cha kila siku

Anayezijua pointi za Bonga za kampuni ya simu ya Safaricom ataelewa haraka mpango huu, kwani pointi zinatokana na mambo ambayo hata si ya gemu. Ulianza mwaka 2010 kama Bing Rewards, ukabadilishwa jina mwaka 2016, na baadaye ukameza mpango wa zawadi wa Xbox. Unatafuta jambo kwa Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft, unajibu chemshabongo, unafungua gemu fulani, unakamilisha jukumu la wiki, na pointi zinadondoka. Takriban 1,000 ni dola moja.

Faida yake ni kwamba huhitaji kununua chochote ili kuanza. Hasara yake ni muda. Nimeona watu wanaoamka na kufanya utafutaji wa Bing kabla ya kunawa uso, na ukigawanya dola wanazopata kwa saa wanazotumia, bora wangeuza maji ya kandoro. Kampuni nayo hubadilisha masharti: programu maalumu ya zawadi kwenye Xbox iliondolewa Aprili 2024, na Oktoba 2025 Game Pass, usajili wa gemu wa Xbox, ilipopangwa upya katika madaraja ya Essential, Premium na Ultimate, kiwango cha juu cha pointi kikafungwa na daraja unalolipia. Kwa Ultimate, ilitangazwa kuwa hadi pointi 100,000 kwa mwaka, yaani kama dola 100 za kutumia dukani. Siku hiyohiyo bei ya Ultimate Marekani ilipanda kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi. Zidisha kwa 12 uone nani anamrudishia nani.

Pointi hizi hufa akaunti ikikaa miezi 18 bila kupata wala kutumia. Ni muda mrefu kuliko wa Nintendo. Kwa mwenye Game Pass tayari, afungue ukurasa wa zawadi kila wiki na achukue yaliyo rahisi. Asiyekuwa nayo asiingie kwa ajili ya pointi.

Kwenye kompyuta

Pointi za Steam, zilizoanza Juni 2020, ni rahisi: pointi 100 kwa kila dola, na hazibadilishwi kuwa fedha wala gemu. Unapata fremu ya picha, mandhari ya wasifu, vibandiko vya kwenye gumzo. Angalau hakuna anayekudanganya kwamba ni akiba.

Epic Rewards, tangu mwaka 2023, inarudisha asilimia 5 ya ununuzi kwenye Epic Games Store kama salio la kununulia gemu nyingine. Na tangu duka hilo lifunguliwe Desemba 2018 limekuwa likigawa gemu bure kabisa, mwanzoni kila wiki mbili na sasa kila Alhamisi. Hakuna mpango wa pointi wa kampuni yoyote unaoshinda gemu ya bure isiyodai dodoso, ngazi wala kikombe. Udhaifu wake ni uleule wa vyote vya kupakua: gemu inaishi ndani ya akaunti.

Gemu moja ya dola 60, leo

Ichukue gemu moja inayouzwa kila mahali kwa dola 60. Ukiinunua Epic, unarudishiwa dola 3. Steam inakupa pointi 6,000 zisizo na thamani ya fedha, lakini mara nyingi ukisubiri msimu wa punguzo unaipata kwa nusu bei, na nusu bei ni dola 30. Kwa Nintendo, enzi ya Dhahabu ungepata dola 3 na sasa sifuri. PlayStation haikupi pointi mpya tena. Kwa Xbox inategemea daraja lako la Game Pass na kama unaikumbuka ile kazi ya kila wiki.

Dola 3 za mwenye kuhesabu ni ndogo mno kumfanya abadilishe mashine. Chagua mashine kwa gemu unazotaka na kwa marafiki unaocheza nao. Pointi zije nyuma, kama kipimo cha mwisho kati ya maduka mawili yanayouza kitu kilekile kwa bei ileile. Hali hiyo hutokea zaidi kwenye kompyuta.

Akaunti yako ni ya nchi gani?

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki hili lina uzito kuliko asilimia. PlayStation Network haina Tanzania, Kenya wala Uganda katika orodha ya nchi zake. Wengi walilitambua hilo Mei 2024, gemu ya Helldivers 2 ilipoondolewa sokoni Steam katika nchi na maeneo zaidi ya 170 yasiyo na huduma hiyo. Wachezaji wa huku hufungua akaunti ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini na kujaza salio kwa vocha. Gemu zinachezeka, lakini salio na pointi hubaki zimefungwa kwenye nchi ya akaunti, na zawadi za kushika mkononi hutumwa kwenye anwani ya nchi hiyo. Ndugu aliye Muscat yuko kwenye hali tofauti, kwa kuwa Oman imo kwenye orodha ya PlayStation. Aliye Minneapolis au London, vitu vya Nintendo vya Platinamu vinaweza kumfikia mlangoni bila mzunguko.

Aliye London ajue pia kwamba duka la GAME lilifunga mpango wake wa pointi mwaka 2024, baada ya kuacha kupokea gemu zilizotumika mwaka huohuo.

Basi ushike upi?

Kama unacheza kwenye kompyuta na uko Afrika Mashariki, fungua akaunti ya Epic kwa gemu za bure na uitumie Steam kwa misimu ya punguzo. Salio la Epic litumie mara linapoingia, kwa gemu yoyote uliyokuwa unaitaka.

Kama una Switch, kusanya zile pointi za Platinamu na uzitumie kabla ya miezi sita. Kukiwa na kitu halisi na anwani ya kukipokelea, chukua hicho kabla ya picha ya wasifu.

Kama una Xbox na tayari unalipia Game Pass, jikusanyie, na ubadilishe kila unapofikia kiasi cha kununulia kitu. Usiweke akiba ya mwaka mzima kwenye kitu ambacho masharti yake yamebadilika kila baada ya muda mfupi.

Na kama ulikuwa kwenye PlayStation Stars, ingia kwenye programu ya simu uangalie hesabu. Ikiwa umevuka 1,250, badilisha kuwa salio. Salio la pochi haliambatani na mpango unaofungwa. Mwisho ni 2 Novemba 2026. Na usibonyeze kitufe cha kujiondoa kwenye mpango kabla ya hapo, maana mlango wa kurudi umeshafungwa.